Visahani Visivyovunjika

Rwezamenyo, Kigali, Jumapili jioni, Mei 1990

Naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata wewe, daftari. Nikianza na hali ya hewa nitaieleza mpaka ukurasa uishe, na ujasiri wangu uishe pamoja nao.

Macho ya Mzee Anselme ni mazima. Hayajawahi kuwa na tatizo lolote. Kwa wiki tatu ameamini kwamba anapofuka, na mwenye kosa ni mimi.

Sasa hali ya hewa. Mvua ilinyesha alfajiri, ikakatika kabla ya saa nne, na udongo mwekundu umeganda kwenye viatu vyangu vya shule, ambavyo nilikatazwa kuvivaa. Mikono yangu inanuka baruti. Nimenawa mara mbili kwa sabuni ya kufulia, na bado Mama amesema mezani kwamba leo wali una harufu ya kiberiti.

Shuleni hawajui habari hizi. Darasani mimi ni yule wa dawati la mbele mwenye miwani, anayejua jibu na hanyooshi mkono. Nikiwaambia kwamba kila Jumapili naenda ng'ambo ya Kabuga, kwenye shimo la zamani la kuchimba udongo wa matofali, nikasimama na bunduki ya marisau begani kulenga visahani vinavyoruka, watauliza kama ninaumwa.

Nilianza mwaka jana. Mjomba Hamisi, kaka yake Mama, ana karakana ya kutengeneza cherehani hapa mtaani. Mtambo wa kurushia visahani wa klabu ya kule shimoni ulipokufa, yeye ndiye aliyeufufua, wakamfanya mwanachama kwa shukrani. Akaniomba niende naye niwe naandika alama, kwa sababu mwandiko wake, na yeye mwenyewe anakubali, unafanana na kuku aliyekanyaga wino. Mzee Anselme, katibu wa klabu, akaona jinsi ninavyotazama. Jumapili ya tatu akanipa bunduki nyepesi ya klabu na kuniambia, "Binti, daftari haliwezi kukimbia. Njoo ujaribu."

Mchezo ni rahisi kueleza. Mbele yako, ndani ya shimo, umefichwa mtambo wenye springi. Ukiwa tayari unapaza sauti: "Tupa!" Mjomba anavuta kamba, kisahani cha udongo kinaruka kikikimbia mbali nawe, na muda ulio nao ni pumzi moja. Kikipasuka, hata kama ni kipande kimoja tu kimemeguka hewani, unaandikiwa moja. Kikitua kizima, sifuri. Kila mtu hupewa visahani ishirini na tano.

Kulenga hakukunishinda sana. Kilichonishinda ni "Tupa!"

Miezi miwili ya kwanza Mjomba hakunisikia hata mara moja. Nilisimama nimenyanyua bunduki mpaka mikono ikachoka, na nyuma yangu Madamu Odeta, mwenye duka la dawa, akapiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kigali:

"Hamisi! Mtoto iko anasema!"

"Amesema saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mimi naona mdomo."

Mzee Anselme ndiye aliyenifundisha kupumua kwanza. Aliniambia nifikirie kwamba mbuzi wangu yuko kilima cha pili na kuna mtu anamfungua kamba. Nikaanza kusikika. Mwezi wa pili mwaka huu nilivunja visahani kumi na vinne, na Mzee akaandika namba hiyo mwenyewe, akaizungushia duara. Yeye siku hiyo alivunja ishirini na vitatu. Ni mpima ardhi mstaafu, amepima barabara nyingi za nchi hii, na mkewe alifariki miaka minne iliyopita. Aliwahi kuniambia kwamba siku sita za wiki anazipitisha, na moja anaiishi. Nikachonga penseli.

Nimeandika hayo ili ujue nimemkosea mtu wa aina gani.

Visahani vyetu vilikuwa vinatoka ng'ambo katika makasha. Mwezi uliopita kasha likafika limelowa, na ndani ulikuwa uji mweusi wenye vipande. Wanachama wakakutana chini ya turubai. Wakaamua kwamba nchi yenye udongo mzuri hivi haina sababu ya kusubiri udongo wa watu. Tutawapa wafinyanzi wetu kazi. Wote wakapiga makofi, kisha wakanitazama mimi, kwa sababu Mama hununua vyungu vyake kwa Mukecuru Veronika, bibi mfinyanzi wa Kabuga, na Mukecuru ananijua tangu nabebwa mgongoni.

Mzee Anselme akanipa kisahani kimoja kizima kama mfano, mchoro wenye vipimo, na ujumbe wa sentensi moja. Viwe vyembamba, na vivunjike kirahisi.

Sentensi moja tu. Nimekariri mashairi ya Kifaransa marefu kuliko meza hii.

Nyumba ya Mukecuru iko chini ya barabara, karibu na bonde anakochimba udongo wake. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka, mikono imemezwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Ni mama mzee mdogo wa mwili, na kila mtu pale Kabuga hushusha sauti anapopita mbele ya mlango wake. Chungu chetu cha maharagwe alikifinyanga kabla sijazaliwa. Kimeanguka mara mbili. Mara ya pili kilivunja sakafu.

Alikipokea kisahani, akakigeuza, akakinusa.

"Hiki kimetengenezwa na nani?"

"Kimetoka ng'ambo, mukecuru."

Akakibonyeza kwa kidole gumba. Kikakatika vipande viwili. Akanitazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeletewa mtoto mwenye homa.

"Wamekuonea, mwanangu. Hiki hata moto hakikuuona."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema sentensi yangu. Ilikuwa tayari mdomoni. Niliirudia njia nzima kutoka barabarani.

"Ni vya kazi gani?" akauliza.

"Vya mchezo."

"Wa watoto?"

Nikawafikiria wanachama wanavyogombana juu ya zamu zao. "Kidogo," nikasema.

"Basi inabidi viwe imara zaidi. Watoto huvunja kila kitu. Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Vyangu havitakuaibisha."

Nikafungua mdomo.

Nikasema, "Asante, mukecuru."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu langu la leo ni hili: ungekuwa wewe, ungewezaje kumwambia mama mzee, nyumbani kwake, ambaye hajawahi kutoa chungu kibovu maisha yake yote, kwamba umekuja kuagiza vyungu vibovu? Na kwamba ukivipata utafurahi? Nilijiambia udongo ni udongo. Nilijiambia risasi ni risasi.

Nilipovifuata, vilikuwa vimepangwa kwenye vikapu, vimetengwa kwa majani ya migomba. Vilikuwa vizuri mno. Unene wa kidole. Kwenye ukingo wa kila kimoja alikuwa amechora mstari wa mawimbi, alama yake anayoiweka kwenye vyungu vyote. Alichukua viwili akavigonganisha kwenye sikio langu, vikalia kama kengele ya baiskeli.

"Nimevichoma mara mbili," akasema. "Kwa ajili yako."

Klabu ilivishangilia. Madamu Odeta alichukua kimoja ili akawekee funguo zake nyumbani. Mjomba alilalamika kwamba ni vizito, akakaza springi ya mtambo, vikaruka. Kisha ukaanza ufyatuaji.

Bum. *Ting.* Sifuri.

Ile *ting* niliisikia mimi peke yangu, kwa sababu wapigaji wote huziba masikio kwa pamba na Mjomba yuko karibu na mtambo unaopiga kelele kama cherehani kumi. Kisahani kiliendelea na safari yake bila haraka, kikatua kwenye mteremko wa udongo mbele yetu, kikageuka na kurudi kikibingirika kama gurudumu. Visahani vilivyokoswa siku zote hurudi hivyo. Na mdogo kuliko wote ndiye huviokota ili virushwe tena. Yaani mimi.

Cha kwanza nilichokiokota kilikuwa na vidoa saba vya kijivu, kama mtoto aliyepona tetekuwanga. Hakikuwa na ufa. Nilikitia kwenye mkoba wangu wa shule.

Ningesema siku hiyo, tungecheka, na leo ningekuwa naandika juu ya hisabati. Lakini Mzee Anselme alikuwa ameshavua pamba masikioni na kusema kwa utulivu, "Leo sioni vizuri." Wenzake wakampa pole. Na kila pole iliyotolewa ikanisukuma mbali zaidi na sentensi yangu. Nikiamua kusema, lazima nieleze kwa nini sikusema dakika tano zilizopita.

Jumapili ya pili nilikuwa na dakika tano na wiki nzima.

Madamu Odeta alidhani risasi zimeoza. Mumewe ndiye anayezinunua, na nasikia nyumbani kwake kumekuwa kimya. Mjomba alidhani ni springi, akaikaza mpaka kiganja kikavimba. Mzee Anselme hakumlaumu mtu wala chuma. Alikwenda mjini, akarudi na miwani mipya yenye uzi wa kuvaa shingoni. Nayo ikamfanya aone visahani viwili, akavikosa vyote viwili.

Visahani vichache vilivunjika. Nadhani ni vile vilivyokuwa pembeni mwa moto. Hivyo ndivyo vilivyotupa matumaini ya uongo.

Mimi niliendelea kuokota. Kimoja nilianza kukitambua kwa mstari wake uliopinda kidogo. Kilipigwa na Madamu, kikapigwa na Mzee, kikapigwa na Mjomba, na mara moja na mimi. Klabu nzima ilikuwa imekipiga na kilikuwa kinaruka vizuri zaidi kila mara. Vile vyenye vidoa vingi nilivificha. Mpaka jana vilikuwa kumi na kimoja chini ya kitanda changu. Kingine Mama amekiona na kukifanya kifuniko cha jagi la maziwa. Anakisifu sana.

Leo yalikuwa mashindano ya kikombe. (Kikombe chenyewe ni birika. Kikombe kilipotea kabla sijajiunga.)

Mzee Anselme alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na kona. Kabla ya kuanza alisema mbele ya wote:

"Nisipofikisha kumi na tano leo, naweka bunduki chini. Mtu asiyeona hana haki ya kushika silaha. Ukatibu nitamwachia Zuhura, mwandiko wake ni mzuri."

Wote wakanitazama, wakatabasamu. Zuhura ni mimi. Nilitaka mteremko unifunike.

Akapiga. Sijawahi kumwona akipiga vizuri namna ile. Begani, shavu, pumzi, bum, hakuna kitu kilichotikisika isipokuwa kona za shati. Na baada ya kila bum nilisikia *ting*, safi, katikati kabisa. Nilikuwa nahesabu mwenyewe, kichwani. *Ting* kumi na nane. Kwenye daftari la klabu mkono wangu uliandika sifuri, sifuri, sifuri, kila moja ndogo kuliko mwenzake, mpaka za mwisho zikawa nukta.

Vilivyovunjika ni vinne.

"Mzee, leo umevihurumia," akasema Madamu Odeta, kwa kumtania, halafu akaona uso wake, akainamia bunduki yake.

"Andika, binti," akaniambia Mzee. "Sifuri ni sifuri. Sheria hiyo niliiandika mimi."

Akaiweka bunduki kwenye rafu yake, akaifuta kwa kitambaa, polepole, kama mtu anayefunika mtoto aliyelala. Akatoa pamba masikioni. Hakujua aiweke wapi. Mwishowe akaitia mfukoni.

Kisha akasema, "Zamu yako, Zuhura. Pumua kwanza."

Nikasimama kwenye nafasi. Nikanyanyua bunduki. Nikapumua. Mjomba akashika kamba, akanikazia macho mdomoni kwa mazoea, maana haamini masikio yake kwangu.

Nilikuwa na nia ya kusema "Tupa." Naapa. Lakini pumzi ilipotoka, ilitoka na kitu kingine, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Mbuzi wa kilima cha tano angegeuka.

"VIMECHOMWA MARA MBILI!"

Mjomba alishtuka, na Mjomba akishtuka huvuta. Kisahani kikaruka. Mikono yangu ikafanya ilichozoea. Bum.

*Ting.*

Safari hii Mzee hakuwa na pamba.

Kisahani kikatua juu ya mteremko, kikasimama wima, kikafikiri, kisha kikaanza kuteremka. Kilipita karibu na kibanda cha mtambo, kikapita mbele ya Madamu Odeta aliyenyanyua mguu kukipisha, kikaenda kugonga kiatu cha Mzee Anselme. Hapo kikazunguka mara nne na kulala chali.

Nilikitambua. Ni kile chenye mstari uliopinda.

Mzee akainama. Akakiokota, akavua ile miwani mipya, akakisogeza kwenye macho yake yale yale ya zamani. Akaanza kuhesabu vidoa kwa ukucha. Alifika thelathini na moja, akaacha.

"Zuhura," akasema, "hivi ni nini?"

Nikasema yote. Nilitoa risasi kwenye bunduki kwanza, kama alivyonifundisha, nikaiweka chini, halafu nikasema. Kidole gumba cha Mukecuru, sentensi yangu, "Asante, mukecuru," mkoba, kitanda, jagi la maziwa. Nilipoanza nilikuwa napiga kelele bado, sikujua jinsi ya kushusha, kwa hiyo maungamo yangu yamesikika mpaka barabarani.

Wa kwanza alikuwa Madamu Odeta:

"Ye baba we! Wiki tatu mimi naongea na bwana yangu kama mwizi! Sababu ya risasi!"

"Na mkono wangu?" akasema Mjomba, akiunyanyua. "Mnaona mkono wangu? Nitashonaje?"

"Wewe hushoni, unatengeneza cherehani," nikasema, na nikashangaa kwamba ni mimi niliyesema.

Nikamgeukia Mzee Anselme. Alikuwa ameshika kisahani kwa mikono miwili. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani analia, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu vya shule. Hakuwa analia. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye udongo uliolowa, na shati lile.

Alipopata pumzi akauliza, "Kwa nini hukumwambia mama wa watu avitengeneze vibovu?"

"Alisema vyake havitaniaibisha."

Akafikiri.

"Na mimi nisingeweza," akasema.

Nilidhani hapo wangeniambia sifuri zake zifutwe. Yeye mwenyewe akakataa. Kisahani hakikuvunjika, sheria ni sheria. Kwa hiyo birika amelichukua Madamu Odeta kwa visahani sita, na amelipokea kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Lakini kuhusu kuweka bunduki chini, Mzee alisema uamuzi huo umeahirishwa mpaka vipatikane visahani vibovu.

"Na nani atakwenda kumwambia Mukecuru?" akauliza.

Daftari, natamani ungeona. Watu saba wazima, wote wenye uwezo wa kupiga kitu kidogo kinachokimbia angani. Madamu akakumbuka duka la dawa. Mjomba akaangalia mkono wake. Wengine wakaanza kufungia bunduki kwenye sanduku kwa bidii ambayo sijawahi kuiona. Mzee Anselme akasema yeye hajui vizuri njia ya kwenda kule, na yeye ndiye aliyeipima barabara ya Kabuga.

"Nitakwenda mimi," nikasema.

Wakanisikia bila mimi kurudia.

Tulipofika Kabuga Madamu akasimamisha pikapu yake kando ya barabara, juu ya nyumba ya Mukecuru, na wote waliokuwa nyuma wakainama. Nikateremka peke yangu na kile kisahani. Alikuwa pale pale kwenye mkeka. Aliniona uso, akaacha kufinyanga.

"Vimevunjika?" akauliza, na hofu katika sauti yake iliniumiza.

"Hapana, mukecuru. Hilo ndilo tatizo."

Nikampa kisahani. Akapitisha kidole kwenye vidoa.

"Hivi vimefanywa na nini?"

"Risasi. Tunavirusha juu na kuvipiga bunduki."

"Mnavipiga bunduki vyombo vyangu?"

"Ndiyo, mukecuru."

"Hiki kimepigwa mara ngapi?"

"Kimepigwa na karibu kila mtu."

Akakitazama. Akanitazama. Halafu akasimama, jambo ambalo sijamwona akilifanya haraka hivyo, akatoka nje na kuita majirani wote wa upande ule wa bonde. Wakaja. Akakinyanyua kisahani juu kama padri. "Bunduki!" akawaambia. "Wamekipiga kwa bunduki, Jumapili tatu! Oneni! Na wewe Immaculée uliniambia chungu chako kimevunjwa na mwiko!"

Nikasubiri kelele zipungue. Nikapumua. Mbuzi, kilima, kamba.

"Mukecuru, tunataka vibovu."

Majirani wakanigeukia. Hata kuku nadhani.

"Vyembamba," nikaendelea, maana sasa sentensi ilikuwa imetoka na lazima ifike mwisho. "Vinavyovunjika kirahisi. Ndiyo mchezo wenyewe. Nilitakiwa kukuambia siku ile. Niliona haya."

Akageuka kutazama pale anapoweka kuni zake. Nikajiandaa.

"Ungesema siku ile," akasema. "Kuni zangu zote zile! Mimi nachoma mara mbili, na nyinyi hamkutaka moto kabisa. Mnataka udongo mkavu. Hata jua linatosha." Akainua macho barabarani, ambako vichwa sita vilikuwa vinachungulia juu ya ubavu wa pikapu, kimoja kikiwa na mvi. "Wale ndio watoto wa mchezo?"

"Ndiyo, mukecuru."

"Wamekua," akasema.

Kisha akaweka sharti moja. Atavikata vyembamba, atavikausha juani, lakini mstari wake hatauweka. Mtu asije akaokota kipande siku moja akadhani ile ni kazi ya Veronika. Na kile chenye vidoa anabaki nacho, atakitundika mlangoni.

Nilikubali yote. Nilitaka kumwomba msamaha tena, akanipa mkono wake wa udongo nikaushika, akasema nimsalimie Mama na chungu cha maharagwe.

Kulikuwa na visahani ishirini hivi alivyokuwa amevikata kwa ajili ya kazi nyingine, vimekauka, havijachomwa. Akanipa nivijaribu. Nilivipakata mapajani, ndani ya majani ya migomba, kutoka Kabuga mpaka Rwezamenyo. Vitatu vimevunjika njiani kwa mashimo ya barabara tu. Kila kilipokatika pikapu nzima ilishangilia. Mzee Anselme alipoteremka kwake alinipa ile miwani mipya nimwekee, akasema Jumapili ijayo anakuja na macho yake ya zamani.

Nilipofika nyumbani nimefanya hivi. Nimevua viatu na kuvisugua. Nimevitoa vile kumi na kimoja chini ya kitanda, nikaviosha, nikampa Mama, nikamweleza vilikotoka. Amesikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna vingine, kwa sababu shangazi naye anahitaji vifuniko. Nimevipanga vile kumi na saba vibichi juu ya kabati, mbali na paka. Nimefungua kitabu cha hisabati, nikakifunga. Nimefungua dirisha na kupaza sauti mara moja, "Tupa!", ili nijue kama sauti ya leo bado ipo au niliiacha kule shimoni.

Ipo. Baba mmoja wa nyumba ya pili ameuliza, "Nitupe nini?"

Nimefunga dirisha. Sasa nafanya hisabati.